Karakana ya Wasomaji: Kisu cha babu aliyerudi nacho Bama

Mwezi huu barua za visu zimezishinda za baiskeli, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nipewe kurasa hizi. Nimechagua nne. Ya kwanza imenichukua nafasi kubwa, wenzake wanisamehe.

*Shikamoo fundi. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa KAR la Mwingereza, akapigana Bama (Burma) katika Vita Kuu ya Pili. Alirudi na koti zito na kisu cha kukunja. Koti liliisha zamani, kisu kimebaki, na sasa nimeachiwa mimi. Ubapa una alama ya mshale na mwaka 1943. Upande mmoja plastiki nyeusi ya mpini imedondoka yote, upande wa pili imebaki nusu. Kuna kifungua kopo, na kuna mchuma mrefu wenye ncha ambao haufunguki hata kidogo. Fundi wa mjini kwetu anataka akiunguze motoni kilegee, halafu anichomelee mpini wa bati. Moyo umekataa. Mimi nataka mpini wa mpingo. Nianzie wapi? — Mjukuu wa Keya, Songea*

Marahaba mjukuu. Moyo wako una akili kuliko huyo fundi.

Kwanza ujue ulichoshika. Mshale ule ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na visu vya namna hiyo waligawiwa askari wao. Ule mchuma wenye ncha ni wa kufungulia mafundo na kusokotea kamba, si wa kumchomea mtu, ingawa kila mtoto akiuona husema hivyo. Kifungua kopo kilikuwa cha kopo za nyama na maziwa. Sijui babu yako alikuwa kikosi gani, ila Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za monsuni, malaria ikiwamaliza, na mwezi wa Desemba ikaichukua Kalewa kwenye mto Chindwin. Kama alikuwa humo, kisu hicho kimelala kwenye tope ambalo wewe na mimi hatulijui. Kutu kidogo ya Songea isikutishe.

Sasa moto. Ubapa wa kisu hicho ni chuma cha kaboni, kilitiwa maji kiwandani kikawa kigumu. Ukikirudisha motoni kinalainika tena. Unaiona rangi ikitembea juu ya chuma: kwanza manjano ya nyasi kavu, halafu kahawia, halafu zambarau. Ikifika ile buluu ya shingo ya njiwa, makali yameshakwenda, na utakinoa kila asubuhi mpaka uchoke. Grenda nayo hufanya hivyohivyo, tena haraka zaidi kwenye ncha, pale chuma kilipo chembamba. Kwa hiyo moto marufuku, grenda marufuku.

Mchuma uliokwama utaulegeza kwa subira. Changanya mafuta ya taa na mafuta ya cherehani, nusu kwa nusu, dondoshea kwenye maungio, kiweke kisu kimesimama kwenye kikombe ili mafuta yateremke. Siku tatu. Kila jioni chovya kwenye maji ya moto ya kuoga, sugua maungio kwa mswaki wa zamani, kausha, tia mafuta tena. Siku ya nne jaribu kuufungua kwa kidole na kitambaa. Ukikataa, ongeza siku tatu. Ukichukua koleo utaukata ile sehemu ya kushikia ukucha, na hapo ndipo barua yako ya pili itakapokuja na machozi.

Kutu nyekundu iondoe kwa msasa namba 400 uliotiwa mafuta, ukienda urefu wa ubapa. Weusi uache. Weusi ni ngozi ya chuma, imejijenga miaka themanini, nayo husaidia kuzuia kutu mpya. Pale penye mshale na mwaka usipitishe msasa kabisa, tumia kitambaa tu. Na kama ubapa umeliwa ukawa mwembamba kwa kunolewa, usitafute kuurudishia umbo. Huo mkunjo ni mkono wa babu yako.

Tuje kwenye mpini. Zile pande mbili za nje mimi huziita mashavu. Chini ya mashavu kuna mabamba mawili ya chuma, katikati yake ndimo zinamokaa ubapa na springi. Pini zinapita kutoka shavu hadi shavu, zimegongwa vichwa nje. Maana yake huwezi kubadili mashavu bila kutoa pini, na ukitoa pini kisu chote kinafunguka. Wengi hulia hapa. Hawakuweka kumbukumbu, na springi imewarukia chini ya kabati.

Piga picha kwa simu pande zote mbili kabla ya kugusa kitu. Upande ulio wazi, saga kichwa cha pini kwa tupa ndogo mpaka kiwe sawa na bamba, pini moja moja. Lalaza kisu juu ya ubao mgumu wenye tundu, tundu likae chini ya pini. Chukua msumari uliokatwa ncha ukawa butu, mwembamba kuliko pini, gonga polepole. Kabla ya pini kutoka yote, funga kisu kizima kwa kitambaa, kwa sababu springi imekazwa na itaruka. Kila kipande kikitoka kiweke juu ya karatasi, chora mstari kukizunguka, andika jina lake. Usijiamini kwamba utakumbuka.

Mpingo. Huko Ruvuma hamna shida ya kuupata, lakini uangalie. Mweusi ni moyo wa mti tu, nje yake kuna mbao ya manjano isiyofaa. Wapo wanaopaka mti mwingine rangi ya viatu wakauza kwa jina la mpingo. Sugua kwa kitambaa chenye spiriti, kisha dondosha kipande ndani ya ndoo ya maji. Kitambaa kikitoka cheusi cheusi na kipande kikaelea, mrudishie mwenyewe. Mpingo huzama.

Halafu uwe mkavu. Hili nililipia. Miaka ile nikiwa na kibanda changu Ngamiani, hapa Tanga, bwana mmoja aliniletea kisu chake cha kubebeshea michungwa, kisu kizuri cha Kijerumani, springi yake inalia kama mlango wa saa. Nilikuwa na kipande cha mpingo nilichopewa wiki ileile na mchongaji, cheusi kinang'aa, nikaona haya ndiyo mambo. Nikakichonga, nikakipiga pini, nikakipaka nta, bwana akaondoka anacheka. Ilikuwa mwezi wa Novemba. Kaskazi ilipoingia na joto lake, mpini ukapasuka kutoka pini hadi pini. Akaniletea akauweka mezani bila kusema neno. Afadhali angenitukana. Tangu siku hiyo kipande cha mpingo kinachoingia kwangu nakipasua vibao vya milimita 5 au 6, napaka mshumaa ulioyeyushwa kwenye ncha zote mbili ili kisikauke kwa pupa, nakiandika tarehe na kukiweka juu ya kabati ya chumbani. Mwaka mzima. Mke wangu hunung'unika, lakini vibao havipasuki.

Kikikauka, kisugue kibao upande mmoja juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka kiwe bapa kabisa, kisipitishe mwanga kikikutana na bamba. Mpingo una mafuta yake, na gundi haishiki mafuta, kwa hiyo futa upande huo kwa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, dakika chache kabla ya kugundisha. Gundi iwe ya mirija miwili, lakini usinunue ya dakika tano. Nunua inayokauka usiku mzima, ina nguvu zaidi na inakupa muda wa kusahihisha. Gundisha shavu kwenye bamba, banisha kwa jiliwa lenye vitambaa, usikaze hadi gundi yote itoke.

Kesho yake toboa, ukianzia ndani. Matundu ya bamba ndiyo kipimo chako, tundu la mpingo lifuate tundu la chuma. Pini za zamani zipime kwa kalipa. Kama ni milimita 2, spoku ya baiskeli inafaa, na bei yake ni ya kuchekesha. Kama ni nene zaidi, vijiti vya shaba vya kuchomelea huuzwa kwenye maduka ya vyuma kwa unene wa milimita 1.6, 2.4 na 3.2. Kwa mpingo napenda shaba, nukta za dhahabu juu ya usiku. Keekee iende taratibu. Kila milimita mbili itoe, pulizia vumbi, iache ipoe, maana mpingo ukipata joto ndani ya tundu hupasuka. Na ufunge pua na mdomo. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kufunga kifua, na wachongaji wanalijua hilo kwa vifua vyao.

Kurudisha ndani ndiko kugumu. Matundu ya springi hayatakutana na ya mabamba, kwa sababu springi inataka kujinyoosha. Chonga msumari mmoja uwe kama sindano, upitishe kwanza uvute matundu yakutane, kisha pini halisi iusukume msumari utoke upande wa pili. Kwenye pini ya ubapa, kabla ya kugonga, kata kipande cha kopo la soda, kipasue katikati kama mdomo, kiingize kati ya ubapa na bamba. Ukimaliza kugonga unakivuta. Pengo hilo la unene wa nywele ndilo linalofanya kisu kifunguke bila kukwaruza.

Pini ibaki imejitokeza milimita moja hivi kila upande, usizidishe. Mdomo wa tundu upanue kidogo kwa kuzungusha keekee nene kwa mkono, ili shaba ipate pa kukaa. Halafu nyundo ndogo, ile ya duara, uzito wa yai. Gonga pembeni mwa pini ukizunguka, tak tak tak, geuza kisu, tena tak tak tak. Sauti ikibadilika ikawa nzito, acha, pini imeshakaa. Pigo moja la hasira hapo linapasua kazi ya mwaka.

Maliza kwa msasa 120, 240, 400, 800, kisha nta ya nyuki na kitambaa cha sufu. Usipake vanishi. Mpingo uliopakwa vanishi ni kama mzee aliyepaka wanja.

Ile nusu ya plastiki iliyobaki usiitupe. Ifunge kwenye karatasi pamoja na picha ya babu.

*Salaam aleikum fundi. Marehemu baba alifanya kazi bandarini, kaacha kijembe chenye bapa mbili kilichoandikwa Joseph Rodgers & Sons, Cutlers to His Majesty. Mpini ni mweupe umekuwa manjano, una ufa, na bapa karibu na mpini zimeota kutu kila nikifuta. Kuna mtu asema ni pembe ya ndovu, ataka kuninunua. Aniambia nichome kwa sindano ya moto nijaribu. Nifanyeje? — Binti wa Kibokoni, Mombasa*

Waalaikum salaam mwanangu. Sindano iweke mbali, tena mbali kabisa.

Joseph Rodgers ni watu wa Sheffield, Uingereza, visu vyao vilisambaa hadi Bahari ya Hindi yote. Maneno "His Majesty" yanaonyesha ni enzi ya mfalme, si ya Malkia Victoria aliyefariki 1901, basi huenda kisu ni cha baada ya mwaka huo. Mpini wenyewe nahisi ni seluloidi, plastiki ya kale iliyotengenezwa kuiga pembe. Isugue kwa nguvu na kitambaa mpaka ipate joto, halafu unuse. Ikitoa harufu ya kafuri, jibu umelipata. Seluloidi inashika moto kama kiberiti, ndiyo maana nimekwambia habari ya sindano. Na ile kutu isiyoisha ndiyo dalili nyingine, kwa sababu seluloidi ikizeeka hutoa mvuke wa tindikali unaokula chuma kilicho karibu. Usikifungie kwenye kopo wala kwenye sanduku pamoja na vito vya mama.

Angalia pia mistari. Seluloidi ina mistari iliyonyooka sawasawa, kama imepigwa rula. Mfupa una vidoadoa na vijistari vifupi vyeusi, ndimo ilimopita mishipa. Pembe ya ndovu, ukiitazama pale ilipokatwa kwa upana, mistari yake hupishana kama wavu.

Ukiona wavu, hapo mazungumzo na mnunuzi yaishe. Biashara ya pembe ilipigwa marufuku kimataifa mwaka 1989, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 haichezi na mwenye kupatikana nazo, ziwe mpya au za marehemu. Nenda ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ukaulize kabla mtu hajakuulizia.

Ikiwa ni seluloidi, itoe, na badala yake weka mfupa wa muundi wa ngamia. Muulize muuza nyama ya ngamia, huenda akakupa bure. Ni mnene, unatosha vibao vinne. Uchemshe kwa moto mdogo na sabuni ya unga, maji yatikisike tu yasitokote, maana ukitokota sana mfupa huwa kama chaki. Ondoa mafuta yote, anika kivulini majuma mawili. Ukitaka rangi ya ukale, uloweke kwenye chai ya rangi iliyokolea usiku kucha. Pini fuata maelezo ya mjukuu wa Songea hapo juu, ila gonga kwa huruma mara mbili yake.

*Fundi, nina kanga ya mama iliyochanika, sitaki kuitupa. Nimesikia kitambaa chaweza kuwa mpini wa kisu. Kweli au mzaha? — Msomaji, Kigamboni*

Kweli tupu. Wazungu waliiuza kwa jina la Micarta zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa ajili ya mambo ya umeme kwanza, visu vikafuata. Ni kitambaa na gundi ya rezini vilivyobanwa pamoja, basi.

Fua kanga, ipige pasi, ikate vipande vya sentimita 5 kwa 13. Vipande ishirini hivi kwa shavu moja, uone unene ukibanwa. Vaa glavu, kaa nje penye upepo. Changanya rezini ya epoksi na kikaushio chake kwa kipimo cha kwenye kopo, usikisie. Loweka kila kipande mpaka kigeuke rangi ya kitambaa kilicholowa, kipange juu ya mwenzake, ukibonyeza povu litoke. Mbao mbili zilizofungwa nailoni, juu na chini, jiliwa au matofali, saa 24. Siku ya pili kinalia kama kibao cha mti ukikigonga.

Uzuri wake unatokea kwenye msasa. Unapokata mviringo, rangi za kanga zinajitokeza tabaka kwa tabaka kama mistari ya ramani ya mlima. Jina la kanga halitasomeka, nikwambie mapema. Kata lile jina ukaliweke pembeni, tumia pindo na mji. Mimi nilitumia ya marehemu shangazi, nyekundu na nyeusi, sasa kila mgeni anauliza ni jiwe gani. Usisahau kufunga pua unaposugua, vumbi la rezini si la kuvuta.

*Niliacha kisu kwenye siki usiku mzima nitoe kutu, asubuhi ubapa mweusi na una vishimo. Nimekiua? — Mwanafunzi, Kisumu*

Hujakiua, umekijeruhi. Siki ni ya nusu saa, ukikaa hapohapo unafuta na kutazama, si ya kulalia. Osha kwa maji yenye magadi kuua tindikali iliyobaki, kausha juani, paka mafuta ya cherehani leo hii hii. Vishimo havitoki ila kwa kusaga chuma, usisage. Weusi utaisha nusu kwa msasa 400, nusu nyingine izoee. Makali yenyewe unoe upya kwenye kinoo cha maji, maana tindikali hula kwanza pale penye wembamba. Na kama kisu kina mpini wa mfupa au pembe ya ng'ombe uliokaa humo sikini pia, niandikie tena ukiambatanisha picha, hiyo ni kesi nyingine.